Saa Tatu ya Nani? Muhuri wa Wakati wa UTC katika Uprogramu wa Vitu na Usemi wa Saa Wilayani Ngara na Biharamulo

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna programu zinazojengwa kwa mfumo wa vitu zinavyowakilisha nukta ya wakati kwa kipimo cha saa za ulimwengu (UTC), na inachunguza kinachotokea pale uwakilishi huo unapokutana na usemi wa saa katika Kiswahili. Mifano imetoka Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako saa za Afrika Mashariki zinapakana na saa za Afrika ya Kati. Hoja kuu ni kwamba saa ya Kiswahili si ukanda wa saa bali ni kanuni ya usemi, na kwamba kuihifadhi ndani ya muhuri wa wakati ni kosa la uchambuzi wa lugha kabla halijawa kosa la programu. Makala inaonyesha pia kwamba sarufi ya nomino saa tayari inatenganisha dhana ambazo waandishi wa programu walichukua miaka mingi kuzitenganisha.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nililala katika nyumba ya wageni Rusumo, wilayani Ngara, nikiwa na miadi ya saa mbili asubuhi upande huuhuu wa Mto Kagera. Usiku simu yangu ilishika mawimbi ya mnara wa ng'ambo, ikajirekebisha bila kuniuliza, nami asubuhi nikafika kwenye miadi nikiwa na uhakika wa kuwahi. Mwenyeji wangu alikuwa amekwisha kuondoka. Nilipompata baadaye alisema tu, “Mwalimu, umekuja kwa saa za Rwanda,” kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwaambia hivyo wageni wengi.

Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC. Rwanda na Burundi ziko saa mbili mbele. Wilaya ya Ngara inapakana na nchi zote mbili: Rusumo kwa upande wa Rwanda, na Kabanga, inayotazamana na Kobero, kwa upande wa Burundi. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam hupita Lusahunga, wilayani Biharamulo, kabla ya kuingia Ngara na kuelekea mpakani. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Rusumo kilipozinduliwa Aprili 2016, maofisa wa nchi mbili zenye saa mbili tofauti hufanya kazi chini ya paa moja.

Lau tofauti ingekuwa ya saa peke yake, jambo lingekuwa jepesi. Ugumu unatokana na kwamba lugha za pande zote mbili zinapatana mahali ambapo saa zao hazipatani. Kinyarwanda kimekopa majina ya saa kutoka Kiswahili (saa moya, saa mbiri, saa tatu) na huzihesabu kuanzia asubuhi kama sisi. Kirundi nacho huhesabu kuanzia asubuhi. Kwa hiyo Mnyarwanda na Mhangaza wakiahidiana “saa tatu asubuhi” wanatamka maneno yaleyale, kwa maana ileile ya kileksika, na bado wanazungumzia nyakati mbili zilizopishana kwa dakika sitini. Msomaji wa semantiki atatambua hapa suala la deiksisi, yaani maana isiyokamilika bila mahali na wakati wa msemaji. Mwandishi wa programu atatambua tatizo la muhuri wa wakati. Ninadai kwamba wote wawili wanatazama kitu kimoja.

2.0 Nukta ya wakati ndani ya programu

Katika uprogramu wa vitu, kila kitu kinachoshughulikiwa na kompyuta huwa cha aina fulani, na aina hiyo ndiyo huamua vitendo vinavyoruhusiwa kufanyiwa kitu hicho. Mwanaisimu wa Kiswahili anaweza kuielewa aina kwa kuifikiria ngeli. Nomino ikishaingia katika ngeli ya KI-VI, upatanisho wake katika sentensi nzima umekwisha kuamuliwa. Vivyo hivyo kitu kikishatangazwa kuwa cha aina ya muda, hakiwezi tena kupatana na tendo linalodai tarehe. Programu inayotafsiri msimbo hukataa, kama msikilizaji anavyokataa *kitabu limeanguka. Ulinganisho huu una mipaka yake, maana ngeli nyingi zimepoteza msingi wa kimaana, lakini utatufaa.

Muhuri wa wakati kwa asili ni namba tu. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu sekunde (au milisekunde) kuanzia mwanzo wa Januari 1, 1970 kwa UTC. Kwa saa za Tanzania, mwanzo huo uliangukia saa tisa usiku. Chukua namba 1691616000. Ni idadi ya sekunde kutoka mwanzo huo, na kwa maandishi ya kiwango cha ISO 8601 nukta hiyo huandikwa 2023-08-09T21:20:00Z, ambapo herufi Z hutangaza kwamba saa iliyoandikwa ni ya UTC. Namba haina nchi, haina lugha, haina asubuhi wala usiku. Hapo ndipo ilipo faida yake: kompyuta ya Rusumo na ya Kigali zikiihifadhi namba hiyo, zinahifadhi tukio lilelile.

Nukta hiyohiyo ikisemwa mpakani huwa hivi: upande wa Ngara ni saa sita na dakika ishirini usiku, Agosti 10, upande wa Rwanda ni saa tano na dakika ishirini usiku, Agosti 9. Mtoto aliyezaliwa katika nukta hiyo ana siku mbili za kuzaliwa kutegemea ukingo wa mto. Lau tukio lingekuwa la Desemba 31, angekuwa na miaka miwili ya kuzaliwa, na kila anayejua namna umri wa kuandikishwa shule unavyokokotolewa anajua kwamba hilo si suala la falsafa.

Historia ya aina za wakati katika lugha za programu ni historia ya kuchanganya nukta na usemi wake. Lugha ya Java ilipotoka mwaka 1996 ilikuwa na aina iliyoitwa Date. Jina lilimaanisha tarehe, lakini ndani yake mlikuwa na namba ya milisekunde kutoka 1970, yaani nukta. Kibaya zaidi, kitu hicho kikiombwa kujiandika, kilijiandika kwa ukanda wa saa wa kompyuta iliyokiendesha. Mwanafunzi aliyekichapa Dar es Salaam aliona saa za Afrika Mashariki, akaamini kwamba kitu kimebeba saa za Afrika Mashariki. Hakikubeba ukanda wowote. Ukanda ulikuwa wa msemaji. JavaScript iliurithi muundo huo, pamoja na tabia ya ajabu ya kuhesabu miezi kuanzia sifuri, ambapo Januari ni mwezi wa 0.

Marekebisho yalikuja Machi 2014, katika toleo la 8 la Java, baada ya kazi ya miaka mingi ambayo Stephen Colebourne alikuwa mstari wa mbele. Dhana zilizokuwa zimefungwa katika gunia moja zikagawanywa katika aina mbalimbali. Instant ni nukta kwenye mstari wa wakati wa UTC. LocalDateTime ni tarehe na saa kama zinavyosomwa ukutani, bila kutaja ukuta uko wapi. ZonedDateTime ni tarehe na saa ya ukutani pamoja na jina la ukanda. Duration ni muda, yaani urefu wa wakati usiokuwa na mwanzo. Python nayo ilichelewa kujirekebisha: tendo lake la utcnow lilirudisha saa ya UTC katika kitu kisichotaja kwamba ni UTC, hivyo tendo lililofuata lingeweza kukichukulia kuwa cha hapa. Ilikuwa mwaka 2023, katika toleo la 3.12, ndipo waandishi walipotangaziwa rasmi waliache.

Ukanda wenyewe hutajwa kwa jina la mji, si kwa tofauti ya saa, kwa sababu tofauti hubadilika kihistoria. Katika hifadhidata ya kanda inayotunzwa chini ya IANA, Africa/Dar_es_Salaam siku hizi ni kiungo tu cha Africa/Nairobi, na Africa/Kigali na Africa/Bujumbura ni viungo vya Africa/Maputo. Kwa matukio ya leo hakuna hasara. Kwa matukio ya ukoloni hasara ipo: hifadhidata hiyo kwa muda mrefu ilionyesha kwamba kuanzia 1948 hadi 1961 Tanganyika ilikuwa saa mbili na dakika arobaini na tano mbele ya UTC, na historia ya Nairobi katika kipindi hicho si hiyo. Mtafiti wa nyaraka za Biharamulo za miaka ya 1950 asiiamini kompyuta yake kwa robo saa.

3.0 Sarufi imetangulia

Turudi kwenye lugha. Nomino saa iko katika ngeli ya I-ZI, na umbo lake halibadiliki katika wingi. Kirai saa tatu basi kina maana mbili: nafasi kwenye uso wa saa, na urefu wa vipande vitatu vya saa. Tuangalie sentensi hizi:

(1) Saa tatu imefika, fungueni lango.
(2) Saa tatu zimepita tangu lori liondoke Lusahunga.

Katika (1) upatanisho ni wa umoja, ingawa kuna kivumishi cha idadi tatu. Saa tatu hapa ni jina la nafasi moja. Katika (2) upatanisho ni wa wingi, kwa sababu vipande vya wakati ni vitatu kweli. Kwa maneno ya sehemu iliyotangulia, kiambishi i- kinatangaza aina ya saa ya ukutani, na kiambishi zi- kinatangaza aina ya muda. Wasemaji hufanya hivi bila kufundishwa, na vitabu vingi vya sarufi vinalipita jambo hili kimyakimya. Katika kirai chenye kihusishi cha -a tofauti hufifia, maana husikika saa tatu ya asubuhi na pia saa tatu za asubuhi, zote kwa maana ya nafasi. Upatanisho wa kitenzi ndio ushahidi wa kutegemewa.

Pale kitenzi kisipopatana na saa, utata hubaki wazi:

(3) Dereva ataruhusiwa kuvuka baada ya saa tatu.

Je, ni baada ya kusubiri vipande vitatu vya saa, au ni baada ya saa tatu asubuhi kupita? Tamko hili likitolewa na ofisa wa mpakani saa moja asubuhi, tafsiri ya kwanza inamruhusu dereva saa nne, ya pili inamruhusu saa tatu. Binadamu huuliza. Programu iliyopokea kirai hicho katika nafasi moja ya maandishi haiulizi. Ninaona kwamba mwandishi wa programu ambaye Kiswahili ni lugha yake ana faida hapa: akijiuliza tu kama angesema imepita au zimepita, amekwisha kuchagua kati ya aina mbili.

Istilahi ninazozitumia zinafuata mgawanyo huo: nukta ya wakati kwa Instant, saa ya ukutani kwa LocalTime na jamaa zake, muda kwa Duration, ukanda wa saa, na muhuri wa wakati kwa nukta iliyogongwa kwenye rekodi. Ningependa tusiliachie neno wakati peke yake kazi zote nne.

4.0 Ukanda wa kughushi

Kanuni ya kubadili saa ya UTC kuwa ya Kiswahili nchini Tanzania inaonekana rahisi mno: ongeza tatu kwa ajili ya ukanda, kisha ondoa sita kwa ajili ya lugha. Matokeo yake ni kuondoa tatu. Mwandishi wa programu mwenye haraka hugundua kwamba anaweza kuiambia kompyuta iko katika ukanda ulio saa tatu nyuma ya UTC, kwa mfano ukanda wa Buenos Aires, na saa tatu asubuhi ya Ngara itajiandika yenyewe 3:00. Mwingine hugundua kwamba kuongeza sita badala ya kuondoa sita kunaleta namba ileile kwenye uso wa saa kumi na mbili. Huyo huchagua ukanda ulio saa tisa mbele, yaani wa Tokyo. Zote mbili huonyesha namba sahihi mchana kutwa. Kosa huonekana kwenye tarehe, na hapo ndipo jambo linapomvutia mwanaisimu.

Kwa ukanda wa Buenos Aires, tarehe hubadilika inapotimu saa kumi na mbili asubuhi ya Tanzania. Usiku mzima hubaki na tarehe ya jana. Kwa ukanda wa Tokyo, tarehe hubadilika saa kumi na mbili jioni, na usiku huwa wa tarehe ya kesho. Hila hizi mbili, ambazo watungaji wake hawakuwa na nia yoyote ya kitamaduni, zimeangukia juu ya namna mbili za kuifikiria siku ambazo zote zimo katika Kiswahili. Ya pili ni ile ya pwani na ya kalenda ya Kiislamu, ambapo siku huanza jua linapozama na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Ya kwanza ni ile ya mtu anayesema “jana usiku saa nane” akimaanisha usiku ambao alikuwa bado hajalala, ingawa kalenda ya serikali inasema saa nane ile ilikwisha kuwa ya leo.

Kalenda ya serikali haifuati ya kwanza wala ya pili. Tarehe rasmi hubadilika saa sita usiku, katikati ya mfululizo wa saa za usiku, mahali ambapo hesabu ya Kiswahili haina mshono wowote: saa tano, saa sita, saa saba. Ndiyo maana waandishi wa habari walihitaji kirai usiku wa kuamkia. “Usiku wa saa nane tarehe 10” ni tata. “Saa nane usiku wa kuamkia tarehe 10” si tata. Kirai hiki ni chombo cha lugha kilichoundwa na mahitaji ya tarehe rasmi, na ningekitaka kionekane katika kila programu ya Kiswahili inayoonyesha saa kati ya sita usiku na kumi na mbili asubuhi.

Kwa hiyo saa ya Kiswahili haiwezi kuwa ukanda. Ukanda ni ukweli kuhusu mahali, hubeba tarehe pamoja na saa, na serikali huweza kuubadili kwa amri. Hesabu ya Kiswahili ni kanuni ya kutaja namba, haigusi tarehe, na humfuata msemaji popote aendako: Mtanzania aliyeko Muscat akitazama saa ya ukutani iliyoandika 9:00 atasema saa tatu, kwa saa za huko. Kanuni yenyewe ni fupi. Chukua saa ya ukutani kutoka 0 hadi 23, ongeza tano, gawanya kwa kumi na mbili ukabaki na salio, kisha ongeza moja. Saa 7 inatoa 1, saa 18 inatoa 12, saa 0 inatoa 6. Kurudi kinyume hakuwezekani bila neno la kipindi, kwa kuwa 1 ni ya saa 7 na pia ya saa 19. Na neno la kipindi lina wingi wake: 19:00 huitwa saa moja usiku na saa moja jioni, zote kwa haki. Programu inayosoma lazima ikubali yote mawili; programu inayoandika itachagua moja.

5.0 Jua la Ngara

Mtu anaweza kupinga kwamba saa ya Kiswahili si kanuni tupu, kwamba ni hesabu ya saa zilizopita tangu jua kuchomoza, na kwamba programu ya kweli ingeikokotoa kutoka kwenye jua. Ngara inalijibu pingamizi hili.

Saa tatu mbele ya UTC ni saa ya jua ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita baharini, mashariki ya nchi nzima ya Tanzania. Mji wa Ngara uko karibu na nyuzi 30.6. Kila nyuzi moja ni dakika nne. Kwa hiyo adhuhuri ya jua Ngara huja takriban dakika 57 baada ya saa sita mchana, wakati Dar es Salaam, iliyo karibu na nyuzi 39.3, hungoja kama dakika 23 tu. Biharamulo iko dakika mbili au tatu hivi mbele ya Ngara. Kwa kuwa Ngara iko chini kidogo tu ya ikweta, jua lake huchomoza karibu na saa moja kasoro dakika saba asubuhi kwa wastani, likiyumba kwa takriban robo saa huku na huku kulingana na mwezi.

Maana yake ni kwamba saa moja asubuhi, ambayo kwa etimolojia ya wengi ni saa ya kwanza kukamilika tangu macheo, Ngara ni macheo yenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi ni giza. Si ajabu kwamba huko nimezoea kusikia saa kumi na mbili alfajiri mahali ambapo mtu wa Dar es Salaam angesema asubuhi. Saa ya Rwanda ndiyo inayolifuata jua la Ngara, maana nyuzi 30, mstari wa saa mbili mbele ya UTC, ziko karibu sana na hapo. Wasemaji wa Kihangaza na Kishubi wanaishi chini ya jua la ng'ambo kwa saa ya Dar es Salaam, na wanasema saa moja bila wasiwasi wowote. Kanuni ya saa sita basi imeshikamana na saa ya kisheria. Jua limebaki katika maneno ya vipindi.

6.0 Maneno yaliyotafsiriwa, namba zilizoachwa

Ujanibishaji wa programu kwa Kiswahili si jambo geni. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Lakini ujanibishaji umejali zaidi majina ya vitufe. Hazina ya data za lugha ya Unicode, CLDR, ambayo simu na kompyuta nyingi huitegemea, ina maneno ya vipindi vya Kiswahili pamoja na mipaka yake: alfajiri kuanzia saa 4 hadi 7 ya ukutani, asubuhi hadi 12, mchana hadi 16, jioni hadi 19, kisha usiku. (Mpaka wa alfajiri, kama tulivyoona, unaifaa Ngara kuliko Dar es Salaam.) Kwa upande wa namba, hazina hiyo inatambua mizunguko minne ya saa: 0 hadi 11, 1 hadi 12, 0 hadi 23, na 1 hadi 24. Hakuna mzunguko unaoanza asubuhi.

Matokeo yake ni ya kutisha kidogo. Programu ikiunganisha namba ya mzunguko wa 1 hadi 12 na neno la kipindi cha Kiswahili, saa 19:30 itaandikwa “7:30 usiku”. Msomaji yeyote wa magazeti yetu atasoma saa saba na nusu usiku, yaani 01:30. Na saa 01:30 itaandikwa “1:30 usiku”, atasoma saa moja na nusu, yaani 19:30. Nyakati mbili zimebadilishana nafasi kikamilifu, na kila moja inaonekana kuwa Kiswahili safi. Kuandika “19:30” bila neno lolote kungekuwa salama zaidi. Tafsiri ya nusu imeleta madhara ambayo kutotafsiri kusingeleta. Waamhara wa Ethiopia, ambao nao huhesabu saa kuanzia asubuhi, wana sababu ileile ya kulalamika.

7.0 Rejesta ya wodi

Athari zake si za nadharia. Muuguzi hujaza rejesta kwa mkono, kwa hesabu ya Kiswahili: mama amepokelewa saa 2:15. Karani huingiza kwenye kompyuta 02:15. Iwapo saa ya kujifungua nayo imeandikwa kwa Kiswahili, 10:40, tofauti kati ya hizo mbili itakuwa sahihi, saa nane na dakika ishirini na tano, kwa sababu makosa mawili yamefutana. Hapo ndipo hatari inapojificha: hesabu zinapatana, kwa hiyo hakuna anayeshuku. Siku saa ya kujifungua itakaposomwa kwenye simu, 16:40, muda utaruka kuwa saa kumi na nne na dakika ishirini na tano. Katika patografu ya Shirika la Afya Duniani iliyotumika kwa miaka mingi, mstari wa tahadhari na mstari wa hatua vimetenganishwa kwa saa nne. Kosa la lugha la saa sita ni kubwa kuliko nafasi hiyo nzima.

Kitu kinachoweza kubeba tukio kama hili kwa uaminifu kinahitaji sifa tatu. Ya kwanza ni nukta ya UTC, ambayo ndiyo inayolinganishwa na kutolewa. Ya pili ni jina la ukanda wa mahali tukio lilipotokea, Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Kigali, kwa kuwa nukta peke yake haiwezi kurudisha tarehe ya kuzaliwa. Ya tatu, ambayo waandishi wa programu huiona ni anasa, ni usemi wenyewe kama ulivyoandikwa: “saa 2:15 asubuhi”. Mimi naitetea kwa nguvu kuliko zote. Nukta ni tafsiri, na tafsiri isiyo na matini chanzi haihakikiki. Kosa la saa sita likigunduliwa baada ya mwaka, usemi uliohifadhiwa ndio pekee utakaoonyesha ni rekodi zipi zilikosewa. Hesabu ya Kiswahili haiwi sifa ya kitu hiki. Inakaa katika tendo la kusoma na tendo la kuandika, nje ya ghala.

Tendo la kusoma lidai neno la kipindi kila mara, na baada ya kupokea lirudie kwa hesabu ya pili, “saa 2:15 asubuhi, yaani 08:15”, ili mwingizaji athibitishe. Hili linafanana na anachofanya dereva mzoefu mpakani anaporudia aliloambiwa.

Kanuni ya kuhifadhi UTC ina ukomo mmoja. Inafaa kwa yaliyotokea. Kwa yatakayotokea, kilichoahidiwa si nukta. Ni saa ya ukutani ya mahali fulani. Mkutano wa ujirani mwema kati ya viongozi wa Ngara na wa Kirehe ukipangwa saa tatu asubuhi Kirehe, kitu kinachohifadhiwa kiwe tarehe, saa ya ukutani na ukanda wa Kigali, na nukta ikokotolewe siku inapofika. Serikali ikibadili ukanda katikati, ahadi itabaki saa tatu. Na fomu ya mwaliko iwe na nafasi ya swali ambalo wenyeji wa Rusumo huliuliza kabla ya kuagana: za kwetu au za ng'ambo?